Dakta Hindorf na Miche Yake 62

Sisi wa Korogwe na Handeni tunaujua mkonge tangu utoto. Wengi wetu tuna babu au baba aliyeukata, aliyeusafisha au aliyeupakia. Lakini nilipowauliza wenzangu darasani ni nani aliyeuleta huku kwetu, wengine walidhani kwamba ulikuwapo tangu zamani za kale kama mbuyu. Kwa hiyo nimeona vema kuandika katika gazeti letu habari za maisha ya Dakta Richard Hindorf, na kueleza pia kwa nini mmea wake ulifanikiwa, maana hapo ndipo penye somo kwetu.

Hindorf alizaliwa mwaka 1863 huko Ruhrort, Ujerumani, mahali mto Ruhr unapoingia katika mto Rhine. Ruhrort ilikuwa bandari ya makaa ya mawe. Makaa yalichimbwa bara, yakaletwa mpaka ukingo wa mto, yakapakiwa katika vyombo na kupelekwa mbali, hata nchi za nje. Makaa ni mali nzito yenye bei ndogo kwa kila ratili. Yakikaa shimoni hayana faida kwa mtu. Faida yake huanza pale inapopatikana njia rahisi ya kuyafikisha majini. Nimelitaja jambo hili kwa sababu kazi ya Hindorf katika Afrika ya Mashariki ilikuja kutegemea kanuni hiyo hiyo.

Alipokua alisomea elimu ya kilimo, akapata daraja la udaktari, kisha akaajiriwa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Wakati huo Wajerumani walikuwa wakijaribu kahawa katika milima ya Usambara. Lakini nchi za chini, kati ya milima na pwani, zina jua kali na mvua isiyotabirika. Kampuni ilitaka mmea wa kustahimili hali hiyo.

Mnamo mwaka 1892 Hindorf alisoma katika jarida la Bustani ya Kew, karibu na London, habari za mmea wa Yucatán katika nchi ya Mexico. Singa zake zilifaa sana kwa kamba. Ulimwenguni mmea huo uliitwa sisal, na jina hilo ni la bandari. Sisal ni mji mdogo wa pwani ya Yucatán ambako singa hizo zilikuwa zikipakiwa melini. Basi hata jina la mmea halikutoka shambani ulikoota, lilitoka gatini ulikopakiwa.

Watu husimulia kwamba miche iliibwa Mexico na kufichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hadithi hiyo inachekesha, lakini ukweli ni mwepesi zaidi. Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Safari ilikuwa ndefu na miche mingi ikafa. Mwaka 1893 iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Mkonge una tabia ya kushangaza. Hukaa miaka mingi ukitoa majani, kisha hutoa mlingoti mrefu, na juu ya mlingoti huota vichipukizi vingi sana; baada ya hapo mmea wenyewe hufa. Kwa njia hiyo, kufika mwaka 1898 miche ile 62 ilikuwa imezaa miche 63,000. Mwaka 1900 singa za kwanza zilisafirishwa Ulaya, tani 7 na nusu.

Sasa na tufanye hesabu kidogo. Kabla ya reli, mizigo ya bara ilishuka pwani kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Njia za misafara zilipita katika nchi ya Wazigua na kando ya mto Pangani, na mpagazi alichukua yapata frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Pembe ya ndovu iliweza kuvumilia gharama hiyo, maana pembe moja ilikuwa na thamani kubwa. Mkonge haukuweza. Tani zile 7 na nusu peke yake zingetaka wapagazi zaidi ya 230. Kufika mwaka 1913 mkonge uliosafirishwa ulikuwa karibu tani 21,000, nazo zingetaka mizigo ya wapagazi zaidi ya laki sita. Watu hao wangepatikana wapi, na wangekula nini njiani?

Jawabu lilikuwa reli. Kazi ya kuijenga ilianza Tanga mwaka ule ule wa 1893. Mwaka 1896 ilifika Muheza, kisha kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 Serikali ya Kijerumani ikaichukua. Mwaka 1902 ilifika Korogwe, kilomita 84 kutoka Tanga; mwaka 1905 Mombo; mwaka 1911 Moshi. Mwendo uliokuwa wa siku nne kwa miguu ukawa wa saa chache.

Hata ndani ya shamba uchukuzi ndio ulioamua kila jambo. Katika kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji na takataka. Kwa sababu hiyo kiwanda kilipaswa kuwa pale pale shambani, na reli ndogo za matoroli zikatandazwa katikati ya mistari ya mkonge. Wakataji walifunga majani mafungu, yakapelekwa kwenye mashine ya korona, singa zikaoshwa, zikaanikwa kwenye waya, zikapigwa brashi na kushindiliwa kuwa marobota. Kutoka hapo marobota yalipanda gari la moshi mpaka Tanga. Huko meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na matishali yakawa yakienda na kurudi kuzipakia.

Nasikitika kwamba katika habari hizi jina moja linakumbukwa, na maelfu ya majina hayajulikani. Katika Usambara Magharibi, tangu mwaka 1907, wanaume walipewa kipande kilichowalazimisha kuwafanyia wazungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye, wakati wa Waingereza, wafanya kazi waliletwa kutoka mbali, kama Songea na Kigoma, na kila mmoja akatambuliwa kwa namba yake. Ndiyo maana tukawaita manamba. Hindorf alileta miche 62. Manamba ndio waliofanya mkonge uwe mali. Baadhi yetu ni wajukuu zao.

Tena reli haikumfikia kila mtu. Ilifuata bonde la mto Pangani, na Handeni ikabaki upande wa kusini bila kituo. Mji wa Korogwe ulikua kandokando ya reli. Mkulima wa Handeni aliendelea kuchukua mazao yake kichwani mpaka malori yalipokuja.

Hindorf mwenyewe hakukaa huku muda mrefu. Alitumwa pia kuchunguza kilimo cha Afrika ya Kusini Magharibi, nchi ambayo leo ni Namibia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walinyang'anywa makoloni yao, lakini yeye aliendelea kuandika, na mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya kilimo cha mkonge. Alifariki Berlin mwaka 1954, mwenye umri wa miaka 90.

Miaka 10 baadaye, yaani mwaka 1964, nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000, na hapakuwa na nchi nyingine iliyotushinda. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka vichaka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mkonge wetu ulikuwa karibu tani 20,000 tu.

Wasomaji wapenzi, mambo haya hayakwisha na Hindorf. Katika miaka hii makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, husafirishwa kwa malori mpaka bandari ya Mtwara kwenda nchi za nje, na bandari ya Tanga imechimbwa kufikia kina cha mita 13 ili meli zifike gatini. Swali ni lile lile la mwaka 1893: mzigo mzito utafikaje majini, kwa gharama gani, na nani atafaidi? Mwanafunzi wa Handeni au Korogwe anayesoma jiografia na hesabu leo ndiye atakayelijibu kesho. Nasi tukilijibu, tuhesabu tani na kilomita, na tuwahesabu pia wale wanaobeba.