Andrey Kolmogorov: Mwanahisabati wa Vigeu Vingi na Mizani ya Ushairi

Andrey Nikolaevich Kolmogorov alizaliwa mwaka wa 1903 mjini Tambov, Urusi. Mamake alifariki akimzaa, naye akalelewa na dada ya mamake. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Moscow mwaka wa 1920, na mwaka wa 1933 akachapisha kitabu kilichoweka misingi ya nadharia ya uwezekano.

Mchango wake unaojadiliwa mno leo ulitokana na swali la David Hilbert wa Ujerumani. Katika matatizo 23 aliyoyatoa kuanzia mwaka wa 1900, Hilbert alishuku kwamba zipo fanksheni za vigeu vitatu zisizoweza kuundwa kwa fanksheni za vigeu viwili. Mwaka wa 1957, Vladimir Arnold, mwanafunzi wa Kolmogorov mwenye umri wa miaka 19, alionyesha kuwa shaka hiyo haikuwa na msingi kwa fanksheni zisizokatika. Mwaka uo huo, mwalimu wake alipiga hatua zaidi: fanksheni yoyote ya aina hiyo, hata iwe na vigeu vingi vipi, huundwa kwa kujumlisha na kupachikana fanksheni za kigeu kimoja. Haba na haba ilijaza kibaba.

Hata hivyo, vipande hivyo aghalabu si laini. Tayari mwaka wa 1954, Anatoli Vitushkin alikuwa amethibitisha kwamba ulaini hauwezi kuhifadhiwa daima vigeu vinapopunguzwa. Kolmogorov hakuukwepa ukweli huo. Mwaka wa 1959, yeye na Vladimir Tikhomirov walieleza namna ya kuupima mzigo wenyewe. Kwa makadirio ya jumla, fanksheni yenye vigeu 10 na kiwango kimoja cha ulaini huhitaji taarifa zipatazo bilioni 10 ili kosa lisizidi sehemu moja ya kumi. Viwango vitano vya ulaini huushusha mzigo huo hadi taarifa 100 hivi.

Kolmogorov aliaga dunia mjini Moscow mwaka wa 1987. Mwaka huo huo, Robert Hecht-Nielsen alilihusisha tokeo la 1957 na mitandao ya neva bandia, ambayo nayo hupachika fanksheni nyepesi tabaka juu ya tabaka. Mwaka wa 1989, Federico Girosi na Tomaso Poggio walipinga, wakishikilia kuwa vipande visivyo laini havifai kujifunzwa na mashine. Mjadala ulifufuka mwaka wa 2024 ilipobuniwa mitandao yenye majina ya Kolmogorov na Arnold.

Fauka ya hayo, mtaalamu huyu alichunguza kwa takwimu mizani ya mashairi ya Kirusi, yakiwemo ya Pushkin na Mayakovsky, na mwaka wa 1963 alishiriki kuanzisha shule ya bweni mjini Moscow kwa vijana wenye vipawa. Kwake, mshororo na mlinganyo vilistahili swali moja: ni taarifa ngapi zinazotosha kukibainisha kitu kikamilifu?