STANLEY NA MASHUA YA VIPANDE

Sisi wa Osiri tumezoea kuona mitumbwi ikirudi na ngege, tukasahau kwamba maji haya yana historia. Leo nawaletea maisha ya Henry Morton Stanley.

Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Baadaye alihamia Marekani, akawa mwandishi wa magazeti. Novemba 1874 aliondoka Bagamoyo na mashua yake, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili wapagazi waibebe.

Tarehe 8 Machi 1875 alianza kulizunguka Ziwa Viktoria, ambalo wazee wetu huliita Nam Lolwe, pamoja na mabaharia 11. Msimamizi wao alikuwa Safeni, Mwungwana wa Unguja. Walipitia huku kwetu mashariki, wakafika kwa Kabaka Mutesa, Uganda.

Wakati wa kurudi, njaa iliwapeleka kisiwa cha Bumbire. Lo! Wenyeji wakawanyang'anya makasia. Mabaharia wakang'oa mbao za mashua, wakapigia kafi, wakaponea chupuchupu. Mzunguko ulichukua siku 57. Lakini Agosti Stanley alirudi Bumbire na bunduki, akaua watu wengi pale ufukoni.

Stanley alikufa London mwaka 1904, akiwa na sifa tele. Safeni hakufika hata kwao. Alipotelea msituni mwishoni mwa safari ya Kongo, 1877.

Wenzangu, ujasiri wa Stanley tuukubali, ila damu ya Bumbire tusiifiche, na waliovuta makasia tusiwasahau. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.