Padre Chad Varah na Kazi ya Kusikiliza



Kila mwaka tarehe 10 Septemba mataifa huadhimisha siku ya kuzuia watu kujiua, desturi iliyoanza mwaka 2003. Ni siku inayofaa kwa parokia kuitisha mkutano juu ya jambo hili, ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona tu. Lakini kabla hatujahesabu viti na kupanga wasemaji, na tuyatazame maisha ya padre mmoja wa Kanisa letu la Anglikana aliyeishika kazi hii kabla yetu.

Edward Chad Varah alizaliwa tarehe 12 Novemba 1911 huko Barton-upon-Humber, Uingereza. Baba yake alikuwa padre wa mji huo, naye alikuwa mtoto wa kwanza kati ya tisa. Alisoma Oxford, kisha chuo cha theolojia cha Lincoln, akawekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1935.

Mazishi ya kwanza aliyoyaongoza yalikuwa ya msichana mdogo aliyejiua. Mtoto yule alikuwa amevunja ungo. Alipoona damu alidhani ameshikwa na ugonjwa wa aibu, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza. Wenyeji wa Rufiji wataelewa upesi, kwa kuwa mwari wa kwetu alikuwa na somo wake wa kumfunza. Yule hakuwa na somo. Padre Varah hakulisahau kaburi lile. Aliazimia kuwafundisha vijana bila kuona haya, hata wengine walipomnung'unikia.

Mwaka 1940 alimwoa Bibi Susan Whanslaw, ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa Rais wa Umoja wa Akina Mama duniani kote. Walipata watoto watano. Mshahara wa padre haukutosha, kwa hiyo aliandika pia hadithi za magazeti ya watoto.

Mwaka 1953 alipewa kanisa la St Stephen Walbrook, katikati ya London. Hapo ni mahali pa maofisi. Watu hufanya kazi mchana na jioni hurudi makwao, hivyo washarika walikuwa wachache na nafasi aliyokuwa nayo ni kubwa. Alikuwa amesoma kwamba katika jiji lile watu watatu hujiua kila siku. Akajiuliza: mtu akiungua nyumba hupigia simu zima moto, je, anayetaka kujiua ampigie nani? Tarehe 2 Novemba 1953 simu yake ilianza kupokea watu wa namna hiyo.

Tukumbuke kwamba wakati huo kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Uingereza, hata sheria ilipobadilishwa mwaka 1961. Aliyenusurika aliogopa polisi, na jamaa zake waliogopa aibu. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika nayo iliandikiwa kosa hilo wakati wa Mwingereza. Jirani zetu wa Kenya waliona Mahakama Kuu yao ikilitengua Januari 2025.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari hii. Padre Varah alidhani yeye ndiye atakayewaponya watu kwa mashauri yake. Wakaja wengi, wakangoja zamu zao. Watu wa kujitolea waliokuja kumsaidia waliwapa chai, wakakaa nao na kuwasikiliza. Kumbe baadhi yao, walipokwisha kuongea na yule aliyewapa chai, hawakuhitaji tena kumwona padre. Mwingine angaliona wivu. Yeye aliliona jambo hilo, na Februari 1954 akawakabidhi kazi wale wasikilizaji, akabaki kuwachagua na kuwaongoza. Gazeti moja la London lilikuwa limekwisha kuwaita Wasamaria, na jina likashika.

Aliweka sharti kwamba msikilizaji asimhubiri mtu wala kumvuta kwenye dini yake. Siri isitoke. Anayehitaji daktari apelekwe kwa daktari. Mwaka 1974 alianzisha umoja wa kimataifa wa wasikilizaji wa namna hii, na Nairobi pia wako. Alistaafu mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90, akafariki tarehe 8 Novemba 2007.

Ndugu zangu, twaona nini hapa kwa ajili ya mkutano wetu? Kwanza, tusijaze ratiba hotuba za wakubwa. Daktari na muuguzi waje, ndiyo, lakini iwepo saa ya kujifunza kusikiliza, na pawepo mahali pa faragha pamoja na watu waliochaguliwa wa kukaa na yeyote atakayeguswa. Pili, tuwaalike mashehe na wenyeviti wa vijiji tangu siku ya kwanza ya matayarisho, kwa maana hapa Kibiti na kwenye delta tunaishi pamoja na Waislamu, na huzuni haichagui dini. Tatu, tusiogope kumwuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo moyoni, bali humfungulia mlango.

Nchi yetu hii imebeba mengi. Mauaji ya miaka ya 2016 na 2017 yaliacha wajane na yatima. Mafuriko ya mwaka 2024 yalichukua mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Mvuvi wa Nyamisati au mkulima wa mpunga aliyepoteza vyote huenda asiseme lolote, akawa anatabasamu tu akiulizwa hali.

Msamaria wa Injili hakumwuliza majeruhi kabila lake wala kosa lake. Alisimama, akamkaribia. Basi nasi tusingoje Septemba: wiki hii kila mmoja wetu amtembelee jirani aliyenyamaza sana, akae naye, asiwe na haraka ya kusema.