Didimo Kipofu, Mwalimu wa Dini wa Aleksandria

Huko Misri, katika bara letu la Afrika, uko mji mkubwa wa pwani uitwao Aleksandria. Didimo alizaliwa huko yapata mwaka 313. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi alipofuka macho, naye alikuwa hajafundishwa hata herufi moja.

Lakini Didimo alitamani elimu. Alipata vibao vya mti vilivyochongwa herufi, akazipapasa kwa vidole moja moja, hata akazijua zote. Kisha watu walimsomea vitabu. Usiku, wasomaji walipolala, yeye alikesha akiyarudia moyoni maneno aliyoyasikia, mpaka yakakaa imara katika kumbukumbu yake. Hivyo alijifunza Maandiko Matakatifu, na pia hesabu, muziki na elimu ya nyota.

Je, jambo hilo liliwezekanaje? Mwenyezi Mungu ameumba ubongo wa mtu kwa hekima kubwa. Umegawanyika kama shamba la ukoo, kila mmoja na sehemu yake. Sehemu ya nyuma ya kichwa hupokea habari za macho. Sehemu za ubavuni, karibu na masikio, hupokea sauti. Nyingine hupokea habari za ngozi, na humo vidole vina nafasi kubwa kuliko mgongo mzima. Basi macho yakifa, sehemu yao haibaki pori. Jirani huingia na kuilima. Mwaka 1996 wataalamu walionyesha kwamba vipofu wanaposoma kwa vidole, sehemu ile ya nyuma, iliyokuwa ya macho, hufanya kazi. Jambo hilo huonekana hasa kwa waliopofuka wangali watoto. Lakini tusidhani kwamba kipofu hupewa masikio mapya au vidole vipya. Ni vile vile. Mazoezi ya kila siku ndiyo yanayovipa nguvu.

Didimo alipokwisha kuwa mtu mzima, askofu wake, Mtakatifu Athanasio, alimkabidhi shule ya dini ya Aleksandria. Mtakatifu Antoni, baba wa wamonaki, alimtembelea, akamwuliza kama anahuzunika kwa sababu ya upofu. Didimo alinyamaza kwanza, kisha akakiri kwamba anahuzunika. Antoni alimfariji: asililie macho ambayo hata nzi na sisimizi wanayo, bali afurahie macho ya roho, ambayo kwayo Mungu huonekana. Naye Mtakatifu Yeronimo alisafiri mpaka Aleksandria mwaka 386 ili amwulize mambo magumu ya Maandiko. Baadaye alikitafsiri kwa Kilatini kitabu cha Didimo juu ya Roho Mtakatifu.

Didimo alifariki yapata mwaka 398. Katika mambo fulani alimfuata Orijene, na mafundisho hayo yalihukumiwa mwaka 553. Kwa sababu hiyo vitabu vyake vingi vilipotea. Lakini mwaka 1941 wafanyakazi waliosafisha mapango ya Tura, karibu na Kairo, waliona maandiko ya kale ya mafunjo, na ndani yake mlikuwa na mafafanuzi yake ya Biblia.

Ndugu wapenzi, katika vijiji vinavyozunguka Lubumbashi, kama popote duniani, pengine mtoto kipofu huachwa nyumbani wengine wakienda shuleni au kwenye mafundisho. Wazazi wake humpenda, lakini hudhani kwamba hawezi kitu. Kumficha hivyo ni kumpokonya miaka ile ile ambayo ubongo wake ungejifunza upesi zaidi. Mshike mkono, mlete kwa katekista. Msomee polepole, naye arudie. Mpe vitu avipapase na kuvitaja majina. Tena, ikiwezekana, atafutiwe mwalimu wa herufi za nukta, zile alizozibuni Mfaransa Louis Braille, aliyekuwa kipofu naye.

Na wewe mwenye macho mazima, jiulize: fundisho la Jumapili iliyopita, je, umelirudia moyoni usiku hata mara moja?