Makhan Singh na Chama cha Wafanyakazi

Ndugu msomaji, kidole kimoja hakivunji chawa. Makhan Singh alilijua jambo hilo.

Singh alizaliwa Bara Hindi mwaka 1913. Mwaka 1927 alifika Nairobi, Kenya. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kupiga chapa. Singh alifanya kazi humo.

Siku hizo Kenya ilitawaliwa na Waingereza. Mjini Nairobi palikuwa na chama cha wafanyakazi, lakini kilikuwa cha Wahindi tu. Mwaka 1935 Singh alichaguliwa kuwa katibu. Mwaka huo huo chama kilifungua mlango kwa watu wa rangi zote. Unajua kwa nini? Wafanyakazi wakigawanyika, tajiri humfukuza huyu na kumwajiri yule kwa mshahara mdogo.

Mwaka 1937 mafundi waligoma siku 62. Hawakurudi nyuma. Mwishowe matajiri walikubali. Mishahara iliongezwa, na kazi ikawa ya saa 8 kwa siku. Waliogoma walirudishwa kazini.

Mwaka 1949 Singh na Fred Kubai waliviunganisha vyama mbalimbali viwe na sauti moja. Mwaka 1950 Singh alidai uhuru hadharani. Serikali ya kikoloni ilimkamata, ikamweka kizuizini hadi mwaka 1961. Hakuiacha imani yake. Alifariki mwaka 1973.

Ndugu msomaji, fikiri pale unapofanya kazi. Je, wenzako wote wamo chamani, au wengine mmewaacha nje?