Alan Turing na Swali la Akili



Alan Turing alizaliwa London mwaka 1912. Katika shule ya bweni ya Sherborne walimu walimlaumu kwa mwandiko mbaya. Mwaka 1930 rafiki yake wa shuleni, Christopher Morcom, alifariki. Kifo hicho kilimwachia swali: akili ya mtu ni kitu gani, nayo yahusianaje na mwili?

Mwaka 1936, akiwa Cambridge, alimchunguza mtu anayepiga hesabu kwa penseli: husoma alama, hukumbuka alipofikia, hufuata kanuni, huandika. Akaonyesha kuwa mashine yaweza kufanya vivyo hivyo. Katika Vita Kuu ya Pili alisaidia kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Mwaka 1950 alishauri tuipime mashine kwa majibu yake, maana hata mwenzako huwezi kuingia kichwani mwake.

Mwaka 1952 mahakama ilimtia hatiani kwa uhusiano wake na mwanamume. Alifariki mwaka 1954, akiwa na miaka 41. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka 2013.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Husoma majalada, hufuata kanuni, hutia sahihi. Mashine ingeweza kuyafanya hayo. Lakini ikifika barua ya mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe, moyo huniuma, wala hakuna kanuni iliyoniagiza niumwe. Je, maumivu hayo nayo ni hesabu? Sisi tumeshindwa kujibu. Vijana, swali hilo tunawaachia ninyi.