Rachel Carson na Ndege wa Ufukweni

Wanachama wenzangu, wengi wetu tukisikia jina la Rachel Carson twakumbuka somo la biolojia na ile dawa ya DDT. Hebu tumtazame kwanza akiwa ufukweni.

Bi Rachel alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 huko Springdale, Pennsylvania, Marekani. Kumbe bahari yenyewe hakuiona mpaka 1929! Baba yake alifariki 1935, dada yake 1937 akaacha wasichana wawili. Jamaa wote wakawa wanautegemea mshahara wake wa idara ya uvuvi.

Kiangazi cha 1938 alikwenda Beaufort, North Carolina, akawa anashinda ufukweni akiwatazama ndege. Wako wadogo wa kijivu na weupe: wimbi likirudi wanalifuata wakidonoadonoa mchangani, likija, mbio! Usiwadharau. Ndege wa gramu 60 hivi, lakini huzaa kule Aktiki. Kiangazi kikikaribia kwisha wakubwa hutangulia kusini, na makinda hufuata baadaye bila wa kuwaonyesha njia. Si ajabu hiyo? Jamaa zao wa Siberia hutufikia hata sisi, pale Mida na mdomo wa Sabaki, kuanzia Agosti. Pwani ile ina kunguru wake pia, mwizi wa mayai kama huyu wetu wa Mombasa, ila yule ni mwenyeji na huyu wetu aliletwa.

Mambo hayo akayatia katika kitabu, Under the Sea-Wind, kilichotoka Novemba 1941. Ndege wawili wa ufukweni aliwapa hata majina, Blackfoot na Silverbar. Mwezi uliofuata Marekani ikaingia vitani, kitabu kikadoda. Nani angesoma habari za ndege wakati wa mabomu? Kilikuja kununuliwa sana 1952, kilipochapishwa upya.

Mwaka 1962 akatoa Silent Spring, kuhusu sumu za mashambani zinazoua ndege. Wenye viwanda wakamshambulia vikali. Wengi hawakujua kwamba anaugua saratani ya matiti. Aliificha ili wasipate la kusema. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, umri miaka 56. DDT ilipigwa marufuku mashambani kwao 1972.

Hifadhi moja ya pwani ya Maine imepewa jina lake. Kila Agosti ndege hao hutua hapo kula, kisha huendelea na safari.